Maswali yenu: Homa ya ini B, kuanzia kitepe cha damu hadi gunia la karanga

Shikamooni. Nina miaka 34, fundi pikipiki, Masasi. Nilimtolea damu shemeji yangu, nikaitwa na kuambiwa nina homa ya ini B. Siumwi popote, macho meupe, injini nanyanyua mwenyewe. Nyumbani wananiambia nichemshe majani ninywe, nisihangaike na hospitali. Je, kipimo kimekosea? Na mke wangu ananiuliza nimeitoa wapi.

Marahaba, ndugu. Kipimo walichokufanyia hutafuta HBsAg, protini ya ganda la kirusi B, na ni nadra kukosea. Ukirudia kwa kitepe, mstari wa C unaonyesha tu kwamba kitepe ni kizima. Wa T ndio wa kirusi, na hata ukiwa hafifu kiasi cha kuuinua kwenye mwanga ndipo uuone, unahesabika. Kikionekana tena baada ya miezi 6, maambukizi ni ya kudumu.

Kutokuumwa kusikutulize. Kirusi hiki chenyewe hakiui seli za ini. Kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia zile zilizoambukizwa, kidogo kidogo kwa miaka 20 au 30, na kila zinapokufa kovu linabaki. Ini kwa ndani halihisi maumivu, na huendelea na kazi likiwa limebakiwa na sehemu tu. Manjano na tumbo kujaa maji huja mwishoni.

Kwa mkeo, mwambie hivi: anayeambukizwa akiwa mchanga, kwa mama yake wakati wa kuzaliwa au mwaka wa kwanza, hubaki nacho takriban mara 9 katika 10. Mtu mzima hubaki nacho chini ya mara 5 katika 100. Wewe ulizaliwa kabla chanjo hii haijaingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Kuna uwezekano mkubwa umekuwa nacho tangu utotoni, kwa hiyo msigombane. Yeye na watoto wapime, na wasio nacho wachanjwe sindano 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Sahani na vikombe tumieni pamoja. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake.

Si kila mwenye kirusi huanza dawa siku hiyo. Omba ALT na AST (vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia), chembe sahani (zile za kugandisha damu), kipimo cha figo, ultrasaundi ya ini na, kikipatikana, wingi wa virusi. Kwa AST na chembe sahani unaweza kukisia makovu mwenyewe. Tuseme AST yako ni 52, kikomo cha maabara ni 40, chembe sahani ni 180. Gawa 52 kwa 40, upate 1.3; zidisha kwa 100, upate 130; gawa kwa 180, upate 0.72. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, mtu mzima aliyezidi 0.5 anafaa kuanza dawa. Vivyo hivyo mwenye virusi zaidi ya 2,000 kwa mililita pamoja na ALT iliyopanda, na mwenye ini lililosinyaa kwa makovu, hata namba zake nyingine zikiwa nzuri.

Dawa ni tenofovir, kwa kawaida miligramu 300, kidonge 1 kwa siku. Pima VVU kabla hujaanza, kwa sababu mwenye VVU akinywa tenofovir peke yake, VVU hujifunza kuishinda. Yeye anahitaji mchanganyiko kamili. Na usiache kwa sababu majibu yamekuwa mazuri. Kirusi huficha nakala yake ndani ya kiini cha seli, dawa haifiki hapo. Inazuia kuzaliana tu. Tunaowahofia zaidi ni wanaoacha kimya kimya: virusi hufumka, kinga nayo inavishambulia kwa pamoja, na ini linaweza kuzimika ndani ya wiki chache.

Majani tunakusihi uyaache. Baadhi huumiza ini, ALT ikapanda, na daktari asijue ni kirusi au ni sufuria. Gongo na uraka wa mabibo pia viache, ini lako lina kazi ya kutosha.

Mume wangu ana kirusi B. Tunalima karanga Nachingwea. Nzuri tunauza, zilizopasuka na zenye ukungu tunakaanga tunakula wenyewe. Nimesikia hazifai. Si moto unaua?

Moto unaua ukungu, dada, lakini sumu yake inabaki. Sumukuvu huvumilia kikaango na mchuzi, na kwa mumeo hatari haijumlishwi, inazidishwa. Kirusi kinafanya seli za ini zife na kuzaliwa upya kila siku. Sumukuvu inaharibu kile kijeni ambacho kazi yake ni kuzuia seli mbovu zisizaliane. Saratani ya ini inapita hapo, na kwa mwenye kirusi B inaweza kuja hata kabla ini halijasinyaa. Daktari wake akisema ana hatari hiyo, apige ultrasaundi kila miezi 6.

Karanga mnazojibakizia ndizo zenye sumu nyingi: zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi. Hizo zichomwe au zifukiwe. Kuku nao msiwape, sumu inawadhuru.

Kosa kubwa tunaloliona ni kulowesha maganda ili yabanguke kwa urahisi. Karanga zilizokauka wiki nzima zinarudishiwa maji, zinaingia gunia zikiwa na unyevu, na ukungu unaanzia katikati ya gunia ambako mkono haufiki. Bangueni zikiwa kavu. Mkishang'oa, geuzeni mashina, karanga zitazame jua, kisha anikeni kwenye turubai au kichanja, si juu ya udongo. Tikisa ganda karibu na sikio: punje ikigonga, zinakaribia, lengo ni unyevu wa asilimia 7 hadi 8. Mahindi ya uji nayo yajaribuni kwa chupa kavu ya kioo: punje kiasi, chumvi kavu kijiko, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni juani.

Mjukuu wangu anaingia jandoni likizo hii, Newala. Ngariba ana kisu kimoja, anakipitisha kwenye spiriti. Yatosha?

Shikamoo, babu. Haitoshi. Kirusi B huishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi, na kisu kilichofutwa haraka bado kina damu kwenye mpini na mikunjo. Kila mtoto awe na wembe wake mpya, na glovu zibadilishwe kila mtoto. Bora zaidi mhudumu wa afya akate, ninyi wazee mbaki na mafunzo na nyimbo. Damu ikidondoka, jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, iachwe dakika 10 kabla ya kufuta.

Nina mimba ya wiki 20, Lindi mjini, nimekutwa na kirusi B. Nitanyonyesha?

Utanyonyesha, mama. Maziwa si njia yake. Hatari kubwa iko saa za kujifungua. Virusi vikifika 200,000 kwa mililita, unahitaji tenofovir walau kuanzia wiki ya 28, na mahali ambapo kipimo hicho hakipo, mwongozo wa 2024 unaruhusu mjamzito mwenye kirusi kupewa bila kukisubiri. Mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kwanza, kisha wiki ya 6, 10 na 14. Uliza leo kliniki kwako ni kituo gani kina chanjo ya saa 24, ujifungulie huko, kwa sababu ile ya wiki ya 6 inamkuta mtoto kirusi kimeshaingia. Apimwe HBsAg akiwa na miezi 9 hadi 12.

Nimechoma sindano 2, ya mwezi wa 6 nimepitiliza miezi 4. Nianze upya?

Hapana. Nenda wiki hii ukachome ya 3, na kadi yako uende nayo.