Kabla hujatupa karatasi, pita Linen Hall

Nilipohamia Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, nilimaliza karibu mwaka mzima nikipita nje ya Maktaba ya Linen Hall bila kuingia. Iko Donegall Square, inatazamana na ukumbi wa jiji. Niliambiwa ni maktaba ya wanachama, na neno hilo likanitisha. Nikajua ni ya wenye nazo, nikifika mlangoni nitaulizwa mimi ni nani.

Siku moja mvua ikanifukuza barabarani (hapa mvua haihitaji msimu), nikajitosa ndani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwa hiyo la kwanza ninalokwambia ni ingia tu. Kukaa na kusoma hulipi. Ada ni ya anayetaka kuazima vitabu aende navyo nyumbani. Mkahawa uko juu, na chai yao inanywika ukiomba maziwa kidogo.

Ukitaka kuielewa maktaba ya namna hii, fikiria kikundi cha kuchangishana kule kwetu, ila badala ya kugawana hela watu wananunua vitabu na kuviweka pamoja. Linen Hall ilianza hivyo mwaka 1788. Mkutubi wake mmoja wa mwanzo, Thomas Russell, alinyongwa mwaka 1803 kwa uasi dhidi ya utawala wa Uingereza. Kumbe ukutubi si kazi ya wapole peke yao.

Lakini aliyeniteka mimi ni mkutubi mwingine, Jimmy Vitty. Mwaka 1968 alikuwa baa mjini, akapewa kipeperushi cha wanaharakati wa haki za kiraia. Wewe na mimi tungefutia meza. Yeye akakihifadhi. Machafuko ya Ireland Kaskazini yakaja, kati ya waliotaka kubaki chini ya Uingereza, wengi wao Waprotestanti, na waliotaka kuungana na Ireland, wengi wao Wakatoliki; yakachukua miaka 30 na roho za watu zaidi ya 3,500, na muda wote huo maktaba ikawa inakusanya vipeperushi, mabango, beji, magazeti ya vikundi. Vya Wakatoliki, vya Waprotestanti, vya kila upande. Sasa vimepita 300,000. Katika mji ambao ukitaja mtaa unaoishi umeshataja na dini yako, palikuwa na rafu moja iliyowaweka mahasimu bega kwa bega. Naamini ilisaidia kwamba nyumba ile haikuwa ya kanisa wala ya chama cha siasa.

Siku niliyosoma habari hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa mweka hazina wa umoja wetu wa Waswahili, na nilipohama nyumba nilitupa mfuko mzima wa madaftari ya michango kwenye pipa la karatasi. Moja nalikumbuka hadi leo, la kusafirisha mwili wa mwenzetu hadi Tanga. Majina kwa kalamu ya bluu: pauni 20, pauni 5, pauni 10, na mmoja kaandikiwa pembeni "atatoa Ijumaa". Alitoa. Nani atajua sasa kwamba tulikuwepo, na tulizikana?

Basi jiunge na maktaba ya namna hii kama mjini kwako ipo, lipa ada, lakini usiishie kuazima. Muulize mkutubi kama wanapokea karatasi za jamii kama yetu, na wanazitaka za aina gani. Usibebe mfuko ukaenda kuubwaga mapokezi. Daftari la msiba liombee ruhusa kwa wafiwa kwanza, maana mle mna majina na siri za watu. Picha ziandike nyuma kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani. Usitegemee kichwa, mimi nina picha ya harusi ya juzijuzi tu na mpiga ngoma simjui tena jina.

Kadi ya mwaliko wa Idi ya mwaka huu nimechukua mbili. Moja iko kwenye mlango wa friji, imesharukiwa na mafuta. Ya pili iko kwenye bahasha, na nyuma nimeshaandika tarehe.