Daktari wa Mifugo Anajibu: Kinyesi cha ngiri si kinga ya homa ya nguruwe

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama mfugaji wa Mbarali, nina majike manne na dume mmoja. Homa ya nguruwe ikipita huku kwetu inafagia banda zima. Sasa kuna kijana anazunguka na pikipiki akiuza kinyesi cha ngiri kilichokaushwa na kusagwa. Anasema ngiri haugui kwa sababu ya vijidudu vya tumboni mwake, na ukichanganya kwenye pumba nguruwe wako naye hataugua. Mpwa wangu amesoma kwenye simu kwamba hata Ulaya wamelijaribu jambo hili. Je, ni kweli? Ninunue?

Marahaba, mama. Usinunue. Kama umeshanunua, usikiingize bandani, kichome moto.

Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kijana huyo ana ukweli kidogo mkononi, na huo ukweli kidogo ndio unaomuuzia. Ngiri kweli hubeba kirusi cha homa ya nguruwe bila kuugua. Hukipata angali mdogo, shimoni, kwa kuumwa na papasi, aina ya kupe, wanaojificha kwenye udongo wa shimo hilo. Tangu mwaka 1921, daktari wa mifugo Montgomery alipoueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi huko Kenya, ngiri ameshukiwa.

Na jaribio alilosoma mpwa wako lipo. Lilifanywa na watafiti wa kituo cha IRTA-CReSA, karibu na Barcelona, Hispania, na likachapishwa mwaka 2020. Waliwapa nguruwe wa kufugwa kinyesi cha ngiri kwa mdomo ili bakteria wa ngiri wahamie tumboni mwao, kisha wakawaambukiza. Walipotumia kirusi kilichopunguzwa makali, nguruwe hao walipata kinga kiasi. Walipotumia kirusi kikali, kile kilicholipuka nchini Georgia mwaka 2007, kinyesi hakikuwakinga.

Hapo ndipo nataka utulie, mama. Ugonjwa ulioanzia Kyela mwaka 2010 na kupanda barabara hadi Dar es Salaam ulichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro. Kirusi walichokikuta ni cha ukoo uleule wa Georgia. Yaani kilichoushinda ule ujanja wa ngiri maabara ni ndugu wa hiki kinachotusumbua Nyanda za Juu Kusini.

Sababu yake inaeleweka. Kirusi hiki hakimalizii kazi yake utumbuni. Kikiingia kwa mdomo au pua hukamata chembe za kinga zenyewe, zile zinazotakiwa kumeza maadui, na kwa kupitia damu hufika kwenye wengu, tezi na mapafu. Utaona homa ya nyuzi 41 na zaidi, masikio na tumbo vinageuka rangi ya zambarau, na nguruwe wengi hufa ndani ya siku chache. Bakteria wa tumboni wanaweza kuunoa mwili kwa kiasi, lakini hawawezi kubeba vita ya namna hiyo peke yao.

Halafu kuna hicho anachokuuzia. Hakijapimwa. Kimeokotwa pale ngiri wanapolala, na gunia likiwekwa chini mlangoni mwa shimo la ngiri, papasi anaweza kupanda. Kirusi hukaa hai ndani ya papasi kwa miaka. Unaweza kununua kinga ukaleta msiba.

Hiyo pesa nunua gambuti za kuvalia bandani tu, na klorini ya beseni la mlangoni. Nimeingia kwenye mabanda mengi ya huko kwenu ambako mlango ni gunia linaloning'inia, na mchuuzi anaingia moja kwa moja na viatu alivyovaa kwa jirani asubuhi hiyohiyo, anawakanda nguruwe mgongo akikadiria kilo. Mchuuzi huyo asivuke uzio. Mtolee nguruwe nje amwone huko, na nguruwe aliyetolewa auzwe, asirudi bandani. Dume wako asiazimwe kijiji kizima, hata kwa shemeji. Mabaki ya hotelini kama ni lazima, yachemshwe saa nzima huku ukiyakoroga, maana kipande kimoja cha nyama mbichi katikati ya sufuria kinatosha. Akifa nguruwe ghafla, mpigie afisa mifugo wa kata kabla hujamgusa kwa kisu. Na tafadhali, ukiona dalili usikimbilie kuuza waliobaki. Najua uchungu wa kupoteza mtaji. Lakini kuuza kwa hofu ndiko kunakopeleka ugonjwa kijiji cha pili, kwa mama mwingine kama wewe.

Daktari, mimi ni kijana wa Makambako. Kila nikiwaachisha watoto kunyonya, siku ya tatu au ya nne wanaanza kuhara maji ya njano. Nawachoma wote antibayotiki. Wengine wanapona, wengine wanakufa, na uzao unaofuata yanajirudia. Niongeze dozi?

Hapana, usiongeze. Kwako wewe ndiko bakteria wa tumboni wanakohusika hasa.

Kuhara kwa umri huo mara nyingi kuna rotavirusi ndani yake. Kirusi hiki hukaa utumbuni na kuua chembe za juu za utumbo mwembamba, zinazosaga na kufyonza chakula. Chakula kinapita bila kufyonzwa, kinavuta maji, mtoto anahara. Antibayotiki haiui kirusi. Inachoua ni bakteria wema, hasa wale wa maziwa yanayochacha, ambao wangekuwa wameshika nafasi. Utumbo wenye bakteria wema ni kama daladala lililojaa: bakteria wabaya hawapati pa kukaa. Ukiwashusha abiria wote kwa sindano, wa kwanza kupanda ni E. koli, na huyo sasa anaharisha kupita kirusi chenyewe.

Hilo halina maana kwamba sindano haina kazi. E. koli akithibitika, antibayotiki inahitajika, ya aina sahihi na kwa siku zote zilizoandikwa. Kwa hiyo peleka kinyesi cha wagonjwa wawili watatu maabara kabla ya uzao ujao.

Kuhusu kinga, chuo cha Kansas State nchini Marekani kilifanya kazi nzuri, ikichapishwa mwaka 2018 na Megan Niederwerder na wenzake. Watoto wa nguruwe waliopewa kinyesi cha nguruwe wenye afya, kisha wakaambukizwa kirusi cha PRRS, ugonjwa wa nguruwe unaoharibu uzazi na kupumua, pamoja na sirkovirusi, kirusi kingine cha nguruwe, waliugua na kufa kwa uchache kuliko wasiopewa. Sikushauri ukawalishe kinyesi. Wao walichagua na kuchunguza watoaji. Ninachotaka ukichukue ni kwamba tumbo lenye bakteria wa aina nyingi huvumilia zaidi, na hilo unaweza kulijenga kwa chakula na matunzo.

Anza na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kingamwili za mama, hivyo asiponyonya saa za mwanzo hapati tena. Wape chakula kikavu kidogo kuanzia siku ya kumi, kwenye sinia safi, ili tumbo lisikutane na pumba kwa mara ya kwanza siku ya kuachishwa. Usiwaachishe kabla ya wiki ya sita. Siku hiyo mwondoe mama, watoto wabaki palepale, na usichanganye uzao mbili. Makambako kuna upepo na baridi kali mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo weka nyasi kavu nyingi na uzibe upande wa upepo. Mtoto anayetetemeka anahara upesi.

Jaribu pia kuchachusha chakula. Loweka pumba na mashudu kwenye ndoo yenye kifuniko kwa siku mbili au tatu hadi kinuke uchachu wa togwa, kisha kila unapotoa bakiza kidogo cha kuchachushia kingine. Uchachu huo huwanyima nafasi E. koli na salmonela. Kikitoa harufu ya kuoza au ukungu, mwaga. Na anayehara mpe maji yenye chumvi na sukari mara nyingi: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Wengi hufa kwa kukaukiwa maji.

Daktari, nikila kitimoto ya nguruwe aliyekuwa na homa ya nguruwe, nitaugua? (Msomaji, Iringa)

Hapana, kirusi hiki hakimwambukizi binadamu. Ila nyama hiyo isipikwe wala kuuzwa, kwa sababu kirusi hubaki hai miezi mingi kwenye nyama iliyopozwa, na miaka kwenye iliyogandishwa. Mfupa ukitupwa jalalani, nguruwe wa jirani ataufikia. Mzoga unazikwa shimo refu au unachomwa, chini ya usimamizi wa afisa mifugo. Kitimoto nyingine yoyote ipikwe hadi iive ndani kabisa kwa sababu ya tegu. Ukiona kwenye nyama mbichi vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, irudishe na umwite mkaguzi wa nyama.