Kabla ya kubonyeza "Tuma kwa wote"

Wadogo zetu mnaoanza kazi ya kuunganisha vijana na waajiri kwa simu, karibuni sana. Sasa toeni kidole kwenye "Tuma kwa wote". Kila kundi jipya likishapewa nywila ya mfumo, hazipiti siku nyingi kabla tangazo la nafasi 2 halijaenda kwa vijana 4,000, na namba ya mwajiri imekaa pale mwishoni mwa meseji.

1. Hilo la nafasi 2 kwa watu 4,000

Fuatilia kinachotokea baada ya hapo. Simu ya mwajiri inaanza kuita papo hapo, haipumziki. Wasio na salio wanabipu, na kubipu nako kunashika laini. Kufikia mchana ameshapata watu wake, mara nyingi waliowahi kupiga na siyo wanaoiweza kazi, kisha anazima simu. Wiki ya pili bado anapigiwa, kwa sababu meseji haikuwa na tarehe ya mwisho na vijana wamewatumia binamu zao. Mwajiri huyo harudi.

Vijana nao? Kuna aliyemaliza salio kuulizia kazi ambayo nauli yake ingekula ujira wote wa siku. Baada ya meseji tatu za namna hiyo, ya nne haifungui, hata kama ndiyo yake. Nyie mnaangalia ripoti, inasema zimefika, mnafurahi. Jamani, "imefika" maana yake simu imeipokea. Haisemi kama kuna aliyeisoma.

Fanyeni hivi. Chujeni kwa umbali kwanza, kisha ujuzi, kisha siku ambazo mtu yuko tayari kufanya kazi. Kwa nafasi 2, anzeni na watu 20. Ajibu 1 anayetaka, 2 asiyetaka, na muda wa mwisho wa kujibu uandikwe ndani ya meseji yenyewe. Wakijitokeza wachache, toeni kundi la pili. Namba ya mwajiri ibaki kwenu: yeye ndiye apelekewe majina matano au sita, na yeye ndiye apige. Jioni mpigieni, kwa sauti na siyo kwa meseji, mumuulize kama amejaza, kisha mfunge tangazo. Waliojibu 1 wakakosa waambiwe nafasi imejaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kila mara eti kubana matumizi, halafu mnauliza kwa nini vijana hawajibu siku hizi.

Na kabla ya kuandika "jibu 1", hakikisheni meseji inatoka kwenye namba inayopokea majibu. Ikitoka kwa jina la herufi, yaani jina la shirika badala ya namba, hakuna wa kuijibu.

2. Ritifaa

SMS moja hubeba herufi 160. Ukinakili tangazo kutoka kwenye programu ya kuandikia, ile ritifaa (alama ya ') ya "kung'arisha" huja ikiwa imepinda, na herufi hiyo moja inaubadili ujumbe mzima: sasa SMS moja hubeba herufi 70 tu, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Tangazo la herufi 150 mlilodhani ni SMS moja mnalipia tatu, kwa kila mpokeaji. Andikeni ritifaa iliyonyooka, na vistari virefu viondoeni.

3. Namba

Jedwali la kompyuta hula sifuri ya mwanzo. Hifadhini namba kama maandishi, na msimbo wa nchi mbele. Laini iliyolala muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo mama anayejibu kwa hasira kwamba hatafuti kazi ya ulinzi hana kosa, mfuteni.

4. Menyu ya USSD

Hii ni ile menyu ya kupiga namba yenye nyota na alama ya reli. Haihitaji bando na inafanya kazi hata kwenye kitochi, ndiyo maana tunaipenda. Lakini ukurasa mmoja ni herufi 182, na kijana akichelewa kidogo kikao kinakatika. Hifadhini kila jibu linapoingia, ili akirudi aendelee alipoishia. Maswali matano yanatosha. Mahali anapoishi achague kwenye orodha. Mkimwacha aandike, kata moja itapata tahajia saba na mchujo wenu utaziona kata saba.

5. Pesa

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unazuia mawakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi, isipokuwa pale nchi ilipoidhinisha kwa masharti maalumu. Tangazo lenye "ada ya fomu" au "pesa ya sare" lisitoke. Mwajiri mgeni apigiwe kwanza: kazi iko wapi hasa, nani msimamizi, malipo ni ya siku au ya mwezi, na yanatolewa lini. Akianza kuzunguka kwenye malipo, tangazo lake lingoje mpaka ajibu.