Je, maziwa huondoa sumu ya zebaki?

SWALI: Mume wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu hapa Ruangwa, mkoani Lindi. Jioni huja na donge la dhahabu lililoshikana na zebaki, akalichoma kwenye jiko la mkaa jikoni, kisha sote hunywa maziwa ili kuua sumu. Mimi ni mjamzito, na siku hizi mikono ya mume wangu inatetemeka akishika kikombe. Je, maziwa yanatosha?
Mama wa watoto wawili, Ruangwa

JIBU: Hapana, mama, hayasaidii, kwa sababu sumu hiyo haipitii tumboni. Zebaki ya maji ikimezwa hufyonzwa kidogo mno, lakini mvuke wake ukivutwa, takribani asilimia 80 huingia katika damu kupitia mapafu na kufika kwenye ubongo na figo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukipoa hutua juu ya kuta, vyombo na nguo, ukaendelea kufuka polepole hata siku ambazo hakuna kilichochomwa.

Kutetemeka mikono ni dalili inayojulikana sana ya sumu hii, pamoja na kukosa usingizi, kusahausahau na fizi kuvimba. Yapo maradhi mengine yanayotetemesha mikono, hivyo simhukumu mumeo kabla ya vipimo. Kwako jambo ni zito zaidi, kwa kuwa zebaki hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka.

Kuchoma nyumbani kukome leo. Achomee machimboni, mbali na watu, kwa kutumia ritoti, yaani chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke hadi urudi kuwa zebaki ya maji; sidhani kama atapinga, maana zebaki hiyo huinunua kwa fedha zake na ataweza kuitumia tena. Nguo zake za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto, na sufuria iliyotumika isirudi kupikia. Matone yakidondoka sakafuni msiyafagie, kwani ufagio huyatawanya yakawa chembe nyingi zaidi; yakusanyeni kwa karatasi ngumu, myatie katika chupa yenye maji na kuifunga vizuri.

Kliniki, mweleze mkunga bila kuficha kilichokuwa kikichomwa jikoni. Mumeo aombe kipimo cha mkojo, ambacho ndicho huonyesha zebaki iliyoingia kwa mvuke. Mwili huitoa taratibu, takribani nusu yake kwa miezi miwili, mradi asivute nyingine.