Bustani: mimea ya kusimama mbele ya kusi

Swali: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ipo Jambiani, karibu na pwani, na kiwanja chote ni maweni. Miwaridi na miasumini niliyoipanda mbele imeungua ncha za majani, na majani machanga ya miwaridi yanatoka manjano. Nimetia majivu, hali imezidi. Nipande nini? (Mama wa Jambiani)

Jibu: Wa alaykum salaam, mama. Hapo pana maradhi mawili. Kuungua kwa ncha ni chumvi inayopeperushwa na kusi. Utaona majani yanayoelekea baharini ndiyo yaliyokauka, ya upande wa nyumba ni mazima. Manjano ni jambo jengine. Chukua jani changa uliangalie juani: baina ya mishipa ni manjano, mishipa yenyewe bado kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma imo ardhini, lakini chokaa ya maweni inaizuia isinyonywe na mizizi. Majivu yanaongeza ukali uleule wa chokaa, kwa hiyo usitie tena hata kiganja.

Mstari wa mbele weka mivinje au mikadi, mche mmoja kila mita 2. Mvinje uwe mbali na msingi wa nyumba, si chini ya mita 5, na usipande maua chini yake kwani majani yake yakianguka hufunika kila kitu. Nyuma yake pandisha ua wa mihina, kila sentimita 50, uukate mara kwa mara ufunge. Mhina unavumilia ukame na chumvi, na una faida yake nyumbani. Bogonvilia nayo inafaa sana, ila usiidekeze: ikipata maji na samadi nyingi hutoa majani matupu bila maua. Miasumini ihamishie uani, nyuma ya ukuta. Miwaridi itie kwenye vyungu vyenye kinongo, ule udongo mwekundu.

Shimo ndilo linaloua miche mingi kwenye maweni. Chimba kwa mtaimbo futi 2 kwa 2, kina futi 2, kisha mimina ndoo moja ya maji. Yakiwa bado yamo asubuhi, umechimba bakuli la jiwe. Toboa chini mpaka yapate njia, la sivyo mizizi itaoza masika ya kwanza. Tandika makumbi yaliyorowekwa, halafu jaza kinongo karai 2 kwa kila karai 1 ya samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa pwani usiutie, una chumvi.

Panda masika yanapoanza, mizizi ishike kabla kusi haijapamba moto, na kila mche uukingie kwa makuti upande wa bahari kwa msimu mzima. Kama kisima chako kina maji ya munyu, mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki. Maji kidogo kila siku huacha chumvi juu juu, hapo hapo penye mizizi michanga.

Swali: Mwarobaini wangu umekufa baada ya masika. Nipo Wete, udongo ni kinamo, wa mfinyanzi. (Msomaji, Pemba)

Jibu: Umezama. Mwarobaini unapenda ukavu, hata mawe unayaweza, lakini maji yaliyotuama hauyawezi. Inua tuta la sentimita 30, upana wa mita 1, upande juu yake, na shina lisifukiwe zaidi ya lilivyokuwa kitaluni. Kama unataka harufu, mlangilangi hustawi Pemba. Ukate kichwa ubaki kimo cha kuchumika, maana matawi yake ni mepesi kuvunjika.

Swali: Dada yangu yupo Uingereza, anataka kuniletea vitunguu vya maua ya tulipu. Vitaota hapa Ng'ambo? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Asijisumbue. Tulipu inahitaji baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 au zaidi ndipo ichanue, na hapa hata usiku wa Julai ni joto kwake. Pakiti za huko zikiandikwa mmea ni mstahimilivu, maana yake unastahimili barafu. Juu ya chumvi na jua letu hazisemi kitu. Akitaka kukuletea kitunguu cha maua, bora amarilisi, ambayo haidai baridi. Kitie chunguni, nusu ya kitunguu ikiwa juu ya udongo, kwani kikizikwa chote huoza shingo.