Je, maada ya ulimwengu "ina mwelekeo"?

Msomaji anayeandaa makala ya elimuanga ameuliza iwapo ni sahihi kuandika "Mada ya ulimwengu ina mwelekeo", akikusudia kwamba vitu vya mbali huonekana vingi zaidi upande mmoja wa anga kuliko upande wa pili.

La "mada" ni jepesi: mada ni jambo linalojadiliwa, kitu chenye tungamo na kinachochukua nafasi ni maada.

"Mwelekeo" ndilo neno linalohitaji uangalifu, kwa kuwa limetokana na kitenzi elekea, na anayesoma sentensi hiyo anaweza kudhani kwamba maada yote inahamia mahali fulani. Kinachokusudiwa ni mtawanyo usiolingana kwa pande zote, na hapo ni lazima tutenganishe "sawa kila mahali" na "sawa kila upande", ambayo huchanganywa mno. Mkeka wenye milia iliyolingana ni sawa kila mahali, maana kila kipande chake hufanana na kingine, lakini si sawa kila upande, kwa sababu anayeufuata mlia huona rangi moja tu, na anayeikata milia huziona zote. Nadharia iliyozoeleka hudai kwamba ulimwengu, ukipimwa kwa umbali wa mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru, una sifa zote mbili.

Hata hivyo, elekea ina mahali pake katika makala hiyo. Mfumo wetu wa Jua, ukilinganishwa na mionzi ya mikrowevu iliyosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, unaelekea takriban upande wa kundinyota la Simba kwa kasi ya kilomita 370 hivi kwa sekunde. Mwendo huo peke yake hufanya mionzi ionekane ya joto zaidi kidogo upande wa mbele, na vitu vya mbali vionekane vingi zaidi huko. Utafiti wa kwasari (viini ving'aavyo mno vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 1, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta upande ni uleule kwa kukadiria, lakini tofauti ya idadi imezidi mara mbili ile inayotarajiwa kutokana na mwendo wetu, na sababu yake ingali inajadiliwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba "zinaonekana nyingi" si sawa na "ni nyingi": kauli ya kwanza huacha nafasi kwa mwendo wa mtazamaji, ya pili imekwisha kuuhukumu ulimwengu wenyewe.

Namshauri aandike: "Idadi ya kwasari zinazoonekana hutofautiana kutegemea upande wa anga unaotazamwa." Akitaka kudai kwamba mtawanyo wenyewe wa maada haulingani kwa pande zote, aeleze kwanza jinsi athari ya mwendo wetu ilivyoondolewa katika hesabu.