Nimeweka IL-1, msuguano wa gegedu haukupanda. Kwa nini?

SWALI: Nililoweka vipande vya gegedu kwenye kimiminika chenye IL-1 (protini ambayo seli hutumia kupeana ishara) kwa siku mbili, kisha nikavisugua juu ya kioo, ndani ya ute wa kiungo. Msuguano haukupanda. Je, IL-1 haiathiri ulainishaji?

JIBU: Huathiri, ila si kwa kugusa nyuso zinazosuguana. IL-1 na TGF-beta ni wajumbe. Zenyewe hazitelezeshi kitu. Huzipa seli amri, na amri huchukua muda kuonekana.

Seli za tabaka la juu la gegedu, pamoja na zile za utando wa kiungo, hutoa lubrisini, protini yenye sukari nyingi inayong'ang'ania uso wa gegedu. TGF-beta huzichochea kuitoa zaidi. IL-1 na mjumbe mwingine, TNF-alpha, hupunguza. Lakini kupunguza lubrisini mpya si kuifuta ile iliyokwisha kushika. Isitoshe, ute uliotumia una lubrisini yake, kwa hiyo huenda pengo ulilolitengeneza ukaliziba mwenyewe. Rudia kwa maji ya chumvi.

Kubwa zaidi ni maji yaliyomo ndani ya gegedu, na nashuku hapo ndipo kipimo kilipokudanganya. Maji ni asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake. Ukiibana ghafla, shinikizo la maji hayo hubeba zaidi ya asilimia 90 ya mzigo, na nyuso zenyewe hugusana kwa nguvu ndogo mno. Ukisoma kigawo cha msuguano cha 0.01 katika sekunde za mwanzo, umepima maji, hujapima lubrisini. Kibane kipande, subiri mpaka shinikizo liishe (wengi huchoka hapa, maana inaweza kufika saa nzima), ndipo usugue polepole.

Hata hayo maji IL-1 huyafikia, ila kwa kuchelewa. Huzifanya seli zitoe vimeng'enya ADAMTS-4 na ADAMTS-5, vinavyokata agrikani, molekuli inayoyashikilia maji. Agrikani ikipungua, maji hutoroka upesi na msuguano hupanda mapema. Ndiyo maana namba moja haitoshi: chora msuguano dhidi ya muda, ulinganishe vipande vyenye IL-1 na visivyo nayo.

Na kile kimiminika ulicholowekea, kama bado hujakimwaga, pima lubrisini iliyomo. Mara nyingi amri ya IL-1 huonekana humo kabla haijaonekana kwenye msuguano.